Sifa za Lesepase

Kyoto, mji wa mahekalu kule Japani, uliwahi kuuza tiketi ya basi ya kutwa kwa yeni 700. Mgeni alipanda na kushuka atakavyo, hekalu hili hadi lile. Mwaka 2023 mji uliacha kuiuza, kwa kuwa watalii walijaza mabasi hadi wenyeji wakakosa pa kusimama. Ndiyo yanayompata anayerahisisha safari. Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani na Kongo, haijawahi kufanya kosa hilo: hapa kuna lesepase, karatasi ya kuvukia mpaka, na bado haijapata mtu wa kuisifu.

Fadhila yake kuu ni kwamba lesepase huumba umbali. Gisenyi na Goma ya Kongo ni miji iliyogusana. Jogoo wa upande mmoja humwamsha muuza duka wa upande wa pili, Ziwa Kivu ni lilelile, na volkano ya Nyiragongo ikiwaka usiku, wote huona wekundu uleule. Kutoka Petite Barrière, kituo cha mpakani, hadi Birere, mtaa wa kwanza wa Goma, mtu hatoki hata jasho. Pasingekuwa na karatasi, Goma ingekuwa mtaa wa jirani tu: mtu angekwenda kununua kitenge akarudi kabla chai haijapoa. Lesepase imetuepusha na aibu hiyo. Kwa dirisha la kutokea, dirisha la kuingilia, mihuri miwili na macho manne yanayokagua picha moja, mwendo wa dakika chache umefanywa safari ya ng'ambo. Mkazi wa Tokyo hupanda ndege kutwa nzima ili ajione yuko ugenini. Mama wa Gisenyi mwenye beseni la nyanya kichwani huupata ugeni huo kabla ya saa mbili asubuhi, na akirudi hupewa mwingine.

Tena umbali huo hunyumbulika. Siku njema, Goma iko mwendo wa robo saa. Mtandao ukikatika ofisini, inahamia karibu na Lubumbashi, mbali kusini mwa Kongo. Agosti 2019, hofu ya Ebola ilipofunga mpaka kwa saa kadhaa, na Machi 2020, Covid ilipowafungia watu wa kawaida, ilikuwa mbali kuliko Kyoto yenyewe. Hakuna reli wala barabara iliyowahi kufanya maajabu hayo.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Lesepase inawalisha wapiga picha na wenye mashine za fotokopi. Inafundisha watu kukumbuka tarehe.

Kuhusu kuchagua, msafiri hana shida. Zamani ilikuwepo jeto, kikaratasi cha siku moja kwa wakazi wa mpakani. Kipo kitambulisho, ambacho kwa Mkongo mara nyingi ni kadi ya mpigakura, maana nchi imekaa miongo bila kugawa vitambulisho vya taifa; karatasi ya kuchagulia rais ndiyo inayomvusha mtu kwenda kununua viazi. (Huenda hiyo ndiyo kazi ambayo kadi ile imeifanya kwa uaminifu zaidi.) Ipo pasipoti, ambayo kwa mtu wa kuvuka kila siku kurasa zake huisha kwa mihuri kabla hajaona uwanja wa ndege. Na ipo viza ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014: dola 100, siku 90, kwa Kenya, Uganda na Rwanda. Mwenye nayo hutoka Lamu hadi ufukwe wa Gisenyi, zaidi ya kilomita elfu, bila kulipia viza nyingine. Akisogea hatua chache akaone mawe meusi ya lava iliyopita katikati ya Goma mwaka 2002, viza imekwisha kazi.

Kwa mtalii hilo ni la kucheka. Lakini makumi ya maelfu ya watu wanaovuka Petite Barrière siku ya kawaida si watalii. Ni wanawake wa ndizi, maziwa na vitunguu, na walemavu wanaobeba mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakisukumwa na vijana. Karatasi imefungwa kwenye ncha ya kitenge, muhuri umefifia kwa jasho. Karani anaiinua kwenye mwanga.

“Mama, hii ni ya lini?”

“Ya jana, shefu.”

“Jana ipi?”

Beseni liko kichwani, mtoto yuko mgongoni, nyanya zinaiva zaidi ya bei yake. Mtu atafute fadhila ya hapo aisifu.

Na haya yana wazazi, waliokutana hapahapa. Tarehe 20 Septemba 1976 marais Habyarimana wa Rwanda, Mobutu wa Zaire (Kongo ya leo) na Micombero wa Burundi walitia saini Gisenyi mkataba wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, wakiahidi watu na bidhaa vitatembea kwa uhuru. Sekretarieti ikawekwa Gisenyi, benki ikawekwa Goma. Yaani karani wa jumuiya ya kulegeza mipaka, akitaka kumwona mwenzake wa benki, sharti kwanza apange foleni mpakani. Jumuiya ililala baada ya 1994, ikaamshwa 2007, ikasinzia tena. Kilichobaki kikiamka kila alfajiri ni lesepase yake.

Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ahadi ileile ikatolewa upya. Mwezi mmoja kabla yake, baada ya askari wa Kongo kuvuka akifyatua risasi na kuuawa pale Petite Barrière, upande wa Kongo ulikuwa umeanza kufunga mpaka saa tisa alasiri. Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, hata dirishani upande wa pili wamekaa watu wengine.

Wakuu wakiitisha mkutano mwingine wa kuwaunganisha wananchi, basi ufanyike Birere, sokoni, saa tatu asubuhi. Wajumbe waje kwa miguu kupitia Petite Barrière, bila msafara wa magari, kila mmoja na picha zake mbili za pasipoti na kalamu yake mwenyewe.