Injini Isiyoshaurika

Mtaani kwetu Majengo gari halizimi kimyakimya. Hujavuta hata hendibreki, muuza mitumba, kijana wa bodaboda na mzee aliyekuwa njiani kwenda msikitini wameshainamia boneti, kila mmoja na ugonjwa wake wa kukutajia. Sasa mimi nina Passo. Ukifungua boneti unakutana na plastiki nyeusi, basi. Aliyekuja na bisibisi anairudisha mfukoni kwa huzuni.

Baba mdogo ana Peugeot 404, gari la aina ileile aliyoshinda nayo Bert Shankland mbio za Safari mwaka 1966, akarudia 1967. Ukimsikia baba mdogo akisimulia, utadhani yeye ndiye aliyekuwa anamsomea ramani. Injini ya gari hilo, ya sentimita za ujazo 1,618, imeinamishwa upande, na kila ugonjwa wake una sauti. Pointi zikiungua anazipiga msasa, kisha anapima nafasi kwa kipande cha kasha la sigara alichoomba dukani, maana sigara mwenyewe havuti. Anawasha, inaitika.

Ila kupanda Marangu ni habari nyingine. Kadiri unavyoiacha Himo, hewa inazidi kuwa nyepesi, na kabureta haina habari: inamimina petroli kama iko mjini. Moshi mweusi, rejeta inachemka, baba mdogo anaegesha kando ya mfongo kuchota maji. Akiulizwa, anasema amesimama kusalimia ndugu. Passo inapima hewa kwa sensa, kompyuta inapunguza petroli, inapanda. Ndugu haiwasalimii. Tena kwa sentimita zake 996 na silinda tatu, nguvu zake ni karibu sawa na za 404, jambo ambalo sina mpango wa kumwambia mzee.

Sasa siku moja, hapo hapo Majengo, Passo ikaanza kutetemeka kama mwenye malaria. Taa ya injini ikawaka, gari likazima. Vijana wakasema tulistue. Wakasukuma, jasho likawatoka, mtaa mzima ukashangilia, mpaka mmoja akachungulia ndani akauliza klachi iko wapi. Gari la otomatiki hilo. Hata ulisukume hadi Himo, haliwaki.

Akaja fundi na kimashine chake, akakichomeka chini ya usukani. Kikaandika P0302.

"Silinda ya pili haichomi," akasema.

"Hata kusikiliza hujasikiliza!" baba mdogo, aliyekuwa amesimama hapo, akang'aka.

"Shikamoo mzee. Imejisema yenyewe."

Kwenye injini hizi kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi. Fundi akafungua bolti moja, akachomoa iliyokufa, akapachika nyingine. Baba mdogo akaichukua ile mbovu akaigeuzageuza, akitafuta mahali pa kupiga msasa. Waliosukuma wakaanza kudai soda, na idadi yao ilikuwa imeongezeka sana tangu wakati wa kusukuma.