Ombi la Wakazi wa Itiryo Kuhamishiwa Wizara ya Mifugo

Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Yah: Ombi la kusajiliwa kama wanyama wa utafiti

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Katibu Mkuu, sisi wakazi wa Itiryo, wilayani Tarime, ni watu wenye akili timamu, na uamuzi huu hatukuufikia tukiwa kilabuni. Tunaomba kuondolewa kwenye orodha ya binadamu mnaowahudumia, tuhamishiwe Wizara ya Mifugo na Uvuvi tukiwa wanyama wa utafiti. Nafasi za mbwa zikiwa zimejaa, hata ya panya wa maabara tutaipokea kwa mikono miwili.

Tumekuwa tukiufuatilia kwa karibu ule ubishi wa huko duniani: je, ni haki kumtesa mnyama ili binadamu apate dawa? Wengine wanabeba mabango yenye picha ya nyani aliyefungwa kwenye kiti. Wengine wamevaa makoti meupe na wanajibu kwamba bila panya hakuna chanjo. Wanatukanana vizuri tu, lakini kuna jambo moja wote wanaliamini bila hata kulitamka: kwamba mnyama akishakufa maabara, faida yake inamfikia binadamu. Hapo ndipo sisi tuliposhtuka. Binadamu yupi huyo, na anaishi kata gani?

Chukua kichaa cha mbwa. Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Chanjo ile ilitokana na uti wa mgongo wa sungura waliouawa na ugonjwa huo huo. Mtoto akapona. Baadaye zikaja chanjo zilizotengenezwa kwa ubongo wa kondoo, na baada ya hizo zikaja bora zaidi. Sungura wale walikufa kifo kibaya, hatubishi. Ila kama kuna ukatili mkubwa aliotendewa sungura, ni kumuua, kupata chanjo, kisha miaka 140 baadaye mtoto wa mkulima afe kwa sababu chanjo iko mjini na baba yake hana nauli.

Watafiti walikadiria, katika taarifa iliyochapishwa 2002, kwamba kichaa cha mbwa kinaua Watanzania 1,499 kwa mwaka. Takwimu rasmi za wakati huo zilionyesha vifo kama 10 hivi. Waliobaki katikati ya namba hizo mbili walifia nyumbani, kikombe cha maji kikiwatia hofu, na karani hakupita.

Mbwa wetu wao hawana malalamiko. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na lawama zikaangukia mbwa wa vijijini. Tangu hapo mbwa wa mkoa wetu wa Mara amekuwa mtu wa maana. Anatembelewa na wataalamu kutoka vyuo vikuu, anahesabiwa, anachanjwa bure. Siku ya chanjo utawaona vijana wanamburuta mbwa kwa kamba ya katani, mwingine amemkumbatia kifuani kama mdogo wake. Bwana mifugo anauliza jina. Kijana anajibu, "Polisi." Polisi anaandikiwa kadi, anavishwa mkanda shingoni, anaenda zake. Kijana aliyemleta, mwenye alama ya meno kwenye muundi, haulizwi kitu.

Kuna jambo limetuuma zaidi. Watafiti walitaka kujua kama chanjo ya kichaa wanayochomwa mbwa inavumilia joto. Wakaiacha miezi 3 kwenye nyuzi joto 30, wakawachanja mbwa hapa hapa Tanzania, wakawatoa damu kupima. Ikaonekana inafanya kazi kama ile iliyotoka kwenye friji. Mkoani Mara imeshatunzwa vijijini kwenye vyungu vya udongo vinavyopoa kwa maji, bila umeme. Kwa hiyo dawa ya mbwa imefundishwa kuishi na sisi. Ya binadamu bado inakaa hospitali kubwa, inauzwa, na haitoshi sindano moja. Watu huuza mbuzi. Huduma tunayoimudu ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, ambayo kweli inasaidia.

Tusieleweke vibaya: mbwa wachanjwe. Wakichanjwa asilimia 70 ugonjwa unakatika, na huo ni utafiti unaomnufaisha hata anayechomwa sindano. Wivu wetu ni wa kawaida tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inazungumzia uhuru wake dhidi ya njaa, maumivu, magonjwa na hofu. Sisi hofu tunayo, magonjwa tunayo, tulichokosa ni mkia. Tumesoma pia kanuni tatu za Waingereza Russell na Burch, za 1959: wanyama wa maabara wabadilishwe kwa njia nyingine, wapunguzwe, watendewe kwa upole. Hiyo ya kupunguzwa kwetu inatekelezwa tayari.

Msituambie kwamba binadamu hasajiliki. Mkoloni alishafungua njia. Pale Tinde, Shinyanga, kuanzia 1934, vimelea vya malale vilipitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, na swala pia, kisha vikajaribiwa kwa watu kuona kama bado vinaambukiza. Vilikuwa vinaambukiza. Watu wale wameandikwa kuwa walijitolea. Mwafrika wa 1934 alikuwa na uwezo kiasi gani wa kumkatalia Mzungu, wanahistoria watatuambia. Lakini walitibiwa, maana daktari alikuwa pembeni akisubiri waugue. Hebu fikiria raha hiyo: kuugua, na daktari anakusubiri.

Tunajua dunia imeahidi kwamba ifikapo 2030 hakuna mtu atakayekufa kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Kama ombi letu litakwama kwa wanasheria kabla ya hapo, tunalo la akiba: chanjo ya binadamu iletwe kwenye zahanati ya kata, bure, kama ya Polisi. Mtasema lebo yake inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Tumeliona hilo, na si tatizo. Bia baridi ilishafika Itiryo zamani sana, bila mkakati wa taifa wala mfadhili.

Naomba kuwasilisha.

Kwa niaba ya wakazi wa Itiryo wenye miguu miwili

Nakala: Katibu Mkuu, Wizara ya Mifugo na Uvuvi – atuandalie kadi.