Mpendwa Msumbufu wa Isinya

Mimi ni fundi wa mageti hapa Kitengela, na Krismasi iliyopita niliponzwa na adabu.

Mpwa wangu anasomea biashara. Alinikuta kibandani, moshi wa kulehemu machoni, akanihurumia. "Mjomba, mteja wa zamani ni mtaji. Mtumie salamu za sikukuu, kila mmoja kwa jina lake." Nikaona kijana kasema. Mbona duka ninakonunua vyuma hunitakia heri ya Krismasi, ya Idd, ya Madaraka na ya Jamhuri? Ingawa bei yao ya bati la geji 16 haijawahi kunitakia heri hata siku moja.

Nikampa simu. Akaingiza programu fulani, akaandika ujumbe mmoja mtamu kama chai ya harusi, programu ikawa inachukua kila jina lililo simuni na kulipachika mwanzoni. Tarehe 24 Desemba, saa mbili asubuhi, wateja 63 wakasalimiwa kwa mkupuo.

Ila simu ya fundi haina majina ya watu. Ina alama za kazi.

"Mpendwa Geti Jeusi Kisaju, nakutakia Krismasi njema." Huyo alinusurika. "Mpendwa Mama Simba Milimani." Huyo alitaka kichwa cha simba katikati ya geti. "Mpendwa Depositi Hajamaliza." Na yule wa nne, Mungu anisamehe: "Mpendwa Msumbufu Isinya, kwangu wewe si mteja, wewe ni familia."

Majibu hayakukawia. Mama Simba aliandika kwamba simba wangu amebanduka rangi, siku hizi anafanana na paka mwenye upele. Nikataka kumjibu ashukuru. Simba wa kweli hutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wetu huu wa kusini haina ua, na mwaka 2012 sita waliuawa hapa hapa Kitengela baada ya kula mifugo ya watu. Wangu hajala mbuzi wa mtu. Nikanyamaza. Wakili mmoja wa Kajiado mjini aliniuliza kama naifahamu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kisha akaongeza kwamba geti linalia usiku kama fisi. Depositi Hajamaliza alizima simu.

Msumbufu alipiga.

"Fundi, hebu niambie, mimi ni nani wako?"

"Ni familia, mzee."

"Basi mwanangu, njoo. Bawaba ya chini imekatika tangu mwezi wa nane."

Ndiyo maana mkesha wa Krismasi ulinikuta kwenye barabara ya Namanga, mashine ya kulehemu mapajani, matatu imesimama tuli nyuma ya magari ya watu waendao Arusha kula sikukuu. Pembeni, mbuzi walitupita kwa miguu, nao siku hiyo ndio waliokuwa na sababu ya kuogopa kufika.

Nilifika Isinya jua likizama. Nilichomelea bawaba bila malipo, maana familia haitozwi. Mzee alinipa ubavu wa mbuzi, akanitazama nikitafuna. "Miaka mitatu nilikuwa nakupigia, hushiki. Leo umenitukana, lakini angalau umenitafuta."

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Nusu ile nyingine, sasa naijua, ni bawaba. Anayekusalimu kila sikukuu na hashiki simu yako siku za kazi hajakusalimu, amekutangazia biashara. Mimi nilikuwa mmoja wao, wa bei rahisi.

Ile programu nimeifuta. Desemba hii nitapiga mwenyewe, mmoja mmoja, na chupa ya oili mfukoni. Ndugu msomaji, kama geti lako nililitengeneza mimi, usihangaike kunirudishia heri ya Krismasi. Niambie tu kama linafunga.