Vituko vya Kinyonga Mezani

Kinyonga wa Yemen, ambaye asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, hufugwa sana majumbani Marekani na Ulaya, na kwa vituko vya kula ana vyake. Wauzaji humtangaza kuwa mla wadudu. Mwenyewe hana habari na tangazo hilo: akishameza nyenje wake wa asubuhi, hugeukia mmea aliowekewa kibandani kuwa pambo na kuanza kutafuna majani. Mfugaji hununua mmea mwingine, nao unaliwa. Hakuna ubaya, maadamu mmea hauna sumu wala haukupuliziwa dawa.

Uwindaji wake ni tamasha. Macho huzunguka kila moja kivyake, moja likikagua dari, la pili likimkagua mwenye nyumba. Mdudu akionekana, yote mawili humkazia yeye tu. Kinyonga hujongea kwa kuyumbayumba, hufunua kinywa taratibu, na ulimi unafyatuka. Ulimi huo huweza kuupita mwili kwa urefu, mkia usipohesabiwa. Ute wa nchani ulipimwa na watafiti mwaka 2016, ukakutwa mzito mara 400 kuliko mate ya binadamu. Zana ya namna hii haibagui: mdudu akiwa juu ya jani, na jani linakuja. Akiwa nyuma ya kioo, kioo ndicho kinacholambwa.

Halafu kuna mgomo. Kinyonga aliyekula nyenje kwa wiki kadhaa bila kinyongo huamka siku moja akawatazama kana kwamba ametukanwa. Mara nyingi amechoshwa na chakula kimoja, na akiletewa mende, panzi au viwavi hurudi mezani. Hatari iko kwa viwavi wa nondo wa nta, ambao wamejaa mafuta. Aliyewazoea hao huwakataa nyenje kama mtoto aliyeonja soda anavyoyakataa maji. Na nyenje aliyesuswa hakai kusubiri. Akitoroka, huingia chini ya kochi akaimba usiku kucha. Akibaki kibandani, humng'ata kinyonga aliyelala. Ndiyo maana mabaki ya wadudu huondolewa kabla ya giza.

Kwenye maji ni kituko kingine. Bakuli lililojaa maji safi halimshughulishi, kwani kwao hunywa matone yaliyotua majanini, na anaweza kupata kiu bakuli likiwa hapo hapo. Mfugaji hulazimika kunyunyizia majani au kutundika chombo cha kudondosha, kisha kupangusa sakafu.

Si kila kituko ni cha kuchekwa. Ulimi unaokosa shabaha mara kwa mara, au usiotoka vizuri, huweza kuashiria upungufu wa kalsiamu au ugonjwa wa macho. Ndiyo sababu wadudu hupakwa unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa. Kula udongo nako kunaweza kuziba utumbo. Jike anayesusa chakula huku akifukuafukua chini huwa anatafuta pa kutagia, hata kama hajawahi kuonana na dume. Huyo awekewe chombo kirefu cha mchanga wenye unyevu, kwa sababu mayai yakikwama tumboni humuua.