Yah: Ombi la Desemba ya Miezi Kumi na Miwili

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Ofisi ya Maji (jina nimelihifadhi, kama mnavyotuhifadhia maji).

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa mteremkoni juu ya mji wa Moshi, kati ya mto Karanga na mto Rau. Naanza kwa kushukuru. Ujumbe wa ankara umeingia kwenye simu alfajiri, kwa wakati, namba ya malipo imekamilika. Mita nayo inajituma: bomba likikohoa upepo, yenyewe inazunguka. Naomba tu, kwa kupita, mtupangie bei ya hewa mbali na bei ya maji. Hewa ya Kilimanjaro watalii wanailipia, nasi hatupendi kuonekana tunabebwa.

Nilipofika ofisini kuuliza maji yako wapi, kijana wa dirishani alinijibu kwa upole kwamba theluji ya kilele cha Kibo inakwisha. Ni kweli, tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwenda. Lakini waliopima wanasema mito yetu inalishwa hasa na mvua na ukungu wa msituni, huku chini, wala si na barafu. Basi iacheni theluji ipumzike. Mmisionari Rebmann alipoiona mwaka 1848, mabingwa wa jiografia kule London walikataa kwamba ipo. Leo imebaki kidogo, nayo inabebeshwa kesi ya bomba lililopasuka njia panda tangu masika.

Maji yenyewe tunayaona yakipita. Yanateremka korongoni, yanawahi mpunga na miwa ya Arusha Chini, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanafua umeme Hale, yanaishia baharini Pangani. Wenzetu wa chini hatuwaonei kijicho, wana haki yao. Ila wazee wetu, bila digrii wala gari la ofisi, walichimba mifongo, wakayatoa maji korongoni, wakagawana zamu, na aliyeiba zamu akatozwa faini. Ninyi mna kompyuta, na zamu yetu haionekani.

Sasa ombi lenyewe.

Kila mwaka mwezi Desemba, ndugu zetu wakianza kupanda kutoka Dar es Salaam na magari yaliyojaa mchele na watoto wasiojua Kichaga, bomba langu hupona. Maji yanatoka mchana kweupe, tena kwa nguvu. Greda linapita barabarani. Nyumba za mageti, ambazo mwaka mzima wakazi wake ni mlinzi na mbwa, zinafunguliwa, bustani zinamwagiliwa, magari yanaoshwa. Duka linauza, bucha inauza, mama wa mbege anauza. Mwaka mpya ukipita wanateremka, na bomba linaondoka nao bila hata kuaga.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itangaze kuwa ni Desemba mwaka mzima. Utekelezaji nimeshaufikiria, usipate tabu. Januari itaitwa Desemba ya Pili, na kuendelea. Masika yatakolea Desemba ya Tano. Nane Nane itaangukia Desemba ya Tisa. Wakulima watazoea, wamezoea makubwa kuliko hayo. Kahawa itavunwa sikukuu ikiendelea, na huenda bei yake ikaona haya ikapanda, kabla wenye vihamba hawajamaliza kung'oa mibuni wakapanda nyanya.

Najua utauliza: na ndugu wenyewe je? Wana kazi, hawawezi kukaa. Hilo nalo nimelipanga. Vijana wetu, ambao kwa sasa wanagombea abiria kwenye bodaboda, watachonga Prado za mbao, rangi nyeupe, vioo vyeusi. Tutaziegesha mbele ya mageti, na kila wiki tutazisogeza kidogo, ili fundi wenu wa kufungua koki akipita asizitilie shaka. Jioni tutawasha spika: sauti ya mjomba mmoja mwenye kitambi, tuliyemrekodi Krismasi iliyopita, akisema kwenye simu, "Nipe mkurugenzi mwenyewe niongee naye." Itarudiwa hadi saa mbili usiku. Ikibidi, tutachoma nyama, moshi uonekane hadi ofisini kwako.

Maana hesabu ni hiyo, tusidanganyane. Chanzo ni kilekile, mabomba ni yaleyale, na Desemba maji yapo. Yapo! Mnajua nani akikosa maji simu yake itapokelewa, na nani atabeba dumu akanyamaza. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba ikifika 1991 kila kaya itapata maji ndani ya mita 400. Bibi jirani yangu alikuwa binti wakati huo. Leo anateremka korongoni na dumu, anapanda nalo kichwani, anapumzika chini ya ukuta wa nyumba isiyo na mtu, na akifika kwake anakuta ujumbe wenu wa kumdai. Mnaimba kumtua mama ndoo kichwani. Mama mmemtua kweli, mmembebesha bibi.

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu imeteleza, huku ni mteremko.

Madogo mengine: Wiki ya Maji ikifika mwezi Machi, chupa zile za meza kuu zimiminwe kwenye bomba letu, tupate chochote. Na fundi wenu akija kukata huduma kwa deni, tafadhali atangulie kutuonyesha anachokikata.

Naomba jibu liletwe kwa mkono, lisipitishwe kwenye bomba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja

Nakala: Bodaboda wa madumu, ili asije akashtukizwa biashara ikifa.