Hongera kwa Kutotazama

Tuwapongeze watangazaji wanaowahoji wasanii wa jukwaani bila kuutazama mchezo wenyewe. Kumuuliza mwigizaji ataoa lini ni uchambuzi wa kina. Kumuuliza mhusika wake anatafuta nini ni utovu wa adabu. Hata hapa Marangu busara hii inaeleweka: kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, husimuliwa vizuri na aliyeishia langoni, maana pumzi bado anazo, na mbege, pombe yetu ya ndizi, husifiwa kwa haki na aliyeitazama kata tu, asije akalewa akapendelea. Wabishi watasema Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, ili itazamwe. Sawa, lakini kutazama kunataka mtu anyamaze, na mtangazaji gani hulipwa kwa kunyamaza?