Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya: mpaka umehamia mlango wa supamaketi

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Mheshimiwa,

Natoka Sop Sop, Wilaya ya Tororo, Uganda. Mimi ni mkulima, na ni mnunuzi wa kudumu wa vitu vidogo vidogo mjini Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Nakuandikia kwanza kukupongeza. Tangu tarehe 24 Februari 2018, marais wetu wawili walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, mtu anayevuka hasimamishwi mara mbili. Anaonana na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, anagongewa muhuri, anakwenda zake. Hongera sana. Ila napenda ujue kwamba mpaka ule mliofikiri mmeulegeza haukulegea. Umehama tu. Siku hizi uko kwenye mlango wa supamaketi.

Na huko hakuna mambo ya kituo kimoja. Unaanzia lageji. Begi lako unamwachia kijana usiyemjua, naye anakupa kibao chenye namba. Juu ya kichwa chake limebandikwa tangazo kwamba mali yote inaachwa hapo kwa hatari ya mwenyewe na uongozi hautawajibika kwa chochote kitakachopotea. Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi nikiwa kwenye foleni, na bado linanistaajabisha. Begi siruhusiwi kuingia nalo kwa sababu huenda nikaiba. Nikiliacha likaibwa, shauri yangu. Mamlaka za mapato za Kenya na Uganda, pamoja na wasomi wao wote, hazijawahi kubuni utaratibu uliokamilika namna hiyo.

Ndani kuna kamera, na kuna mhudumu. Kamera haina neno, imetulia zake darini. Mhudumu ndiye kazi. "Nikusaidie, mzee?" Ukisema unatazama tu, anarudi nyuma hatua mbili. Ukihamia kwenye mafuta ya kupaka, naye anakumbuka ghafla kwamba mafuta ya kupaka yanahitaji kupangwa upya. Ukiwa umevaa gambuti zenye matope ya Sop Sop, yanapangwa kwa bidii zaidi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yamefungiwa kabatini pamoja na pombe kali na nyembe za bei mbaya, na mama mwenye mtoto mgongoni anamngoja mwenye funguo, ambaye amekwenda kula.

Lakini Mheshimiwa, hayo yote ni uhamiaji. Forodha yenyewe iko mlangoni, wakati wa kutoka.

Umeshalipa. Umepewa risiti. Kutoka kwa keshia hadi mlangoni ni hatua chache, na njia hiyo yote unaonekana wazi, huna pa kuchepukia. Hata hivyo askari anaipokea risiti, anaiinua kwenye mwanga, anachungulia mfukoni. Juu kuna mkate, anautazama mkate. Hahesabu. Chini ya mkate ungeweza kuweka pasi ya umeme asijue. Kisha anachukua biro na kuchora mstari mmoja mrefu, kutoka kona hadi kona, juu ya bei zote na jina la duka na ile sentensi ya "asante, karibu tena". Baada ya mstari huo wewe ni raia mwema. Kabla yake, sijui ulikuwa nani.

Sisi wa mpakani si wageni wa kukaguliwa. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, rafu za Uganda zilikauka, na wazee wetu wakajifunza kuvusha chumvi, sukari na sabuni usiku kwa njia za panya. Ukaguzi tumezaliwa nao. Kinachotushinda ni kukaguliwa kwa sheria zinazopigana zenyewe kwa zenyewe. Mfano ni huu, na mimi mwenyewe niliushuhudia katika duka kubwa moja ambalo sitalitaja.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyetoka upande wa Uganda na mche wa sabuni mkononi. Mkononi, nasema, kwa sababu kule alikoinunua angefungiwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na tangu tarehe 28 Agosti 2017 kaveera ikivuka kuingia Kenya ni kosa ambalo faini yake inaanzia shilingi milioni mbili za Kenya na kufika milioni nne, au kifungo cha hadi miaka minne. Kikapu chake alikuwa amekiacha lageji kama raia mtiifu. Kwa hiyo serikali imemnyima mfuko, duka limemnyang'anya kikapu, na yeye amesimama mlangoni na sabuni iliyo uchi, ya aina ileile iliyojaa kwenye rafu nyuma yake.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ng'ambo."

"Risiti iko wapi?"

Mheshimiwa, nani Busia anayepewa risiti ya mche mmoja wa sabuni? Walibishana mpaka meneja akaitwa. Meneja akaigeuza sabuni huku na huku akitafuta uraia wake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Jumuiya yako inayo dawa. Kuna kile cheti cha asili kilichorahisishwa, mnachompa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000, apite bila ushuru wa forodha. Naomba kianze kutolewa kwa bidhaa za mkononi pia: sabuni, chupa ya maji iliyonywewa nusu, kalamu, mwavuli. Mnunuzi akifika mlangoni aoneshe cheti, kimegongwa muhuri, kinaeleza kwamba mwavuli huu ni wake na uliingia naye.

Nimejaribu kuelewa shida hii ilianza wapi. Zamani, katika maduka mengi, mwenye duka alisimama mbele ya bidhaa zake, wewe ukaagiza, yeye akakuletea. Mwaka 1916, huko Memphis, Marekani, Clarence Saunders akafungua duka aliloliita Piggly Wiggly, akawaambia watu waingie wenyewe, washike wenyewe, wajichukulie wenyewe. Faida ilikuwa kupunguza wafanyakazi. Kwa maneno mengine, tulialikwa tushike vitu ili tajiri asilipe mtu wa kutushikia, na tulipovizoea akaajiri mtu wa kututazama tukivishika. Mama muuza duka wa kwetu hakuwahi kuingia mtego huo. Ana wavu wa chuma kutoka dirishani hadi darini na tundu la kupitisha mkono. Chifu hapiti, mchungaji hapiti, mwizi hapiti. Haniamini hata kidogo, lakini hajawahi kunitazama vibaya.

Utaniambia kwamba wezi wapo. Wapo, na sina nia ya kuwatetea. Mtu anayechomeka chupa ya mafuta kiunoni anamwibia mwenye duka, na bei ikipanda tunalipa sisi. Ninachouliza ni kama mlango huo ndio mali inakopitia. Huko Marekani wauzaji rejareja wenyewe waliulizwa, na katika hesabu za mwaka 2022 wizi wa watu wa nje ulikuwa asilimia 36 ya upotevu. Wizi wa wafanyakazi na makosa ya taratibu za ofisini vilifika asilimia 56 kwa pamoja. Shirikisho lao la kitaifa liliwahi kuitangazia dunia kwamba karibu nusu ya upotevu wa dola bilioni 94.5 ni kazi ya magenge, na Desemba 2023 likalifuta dai hilo kwa kuwa takwimu hazikulibeba. Kabati zilizofungwa, kwa taarifa yako, hazikufunguliwa kwa sababu hiyo.

Na sisi tuna ya kwetu. Oktoba 2015 kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Januari 2020 wadai wa Nakumatt, supamaketi nyingine, walipiga kura kampuni ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Waliouza maziwa na mboga kwa mkopo walibaki wakipiga simu. Sisemi kuna mtu aliiba, mimi ni mkulima tu. Nasema mabilioni hayo hayakutokea mlango ule wa mbele, maana askari angeyaona. Yangekuwa juu ya mkate.

Jambo la picha nalo. Karibu na keshia hubandikwa picha za waliokamatwa, kila mmoja ameshikishwa kitu chake: huyu dawa ya meno, yule chokoleti. Hakuna hakimu aliyewaona. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na mwaka 2023 Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mteja yule alikuwa akistarehe. Mwenye dawa ya meno, inaonekana, hana sura ya kulindwa.

Hapa kejeli inanikauka kidogo. Katika miji yetu neno "mwizi" likitamkwa kwa sauti kubwa mlangoni, haliishii mlangoni. Liko stendi kabla mtuhumiwa hajafika, na walioko stendi hawaulizi risiti. Askari anayepaza sauti kwa ajili ya dawa ya meno anaweza kuwa amemuua mtu, na kesho yake anaripoti kazini kama kawaida.

Anayebahatika kufikishwa mahakamani nchi mbili zinamgombania. Kwa Kenya, wizi wa kawaida adhabu yake ya juu ni miaka 3. Kwa Uganda ni miaka 10. Sabuni ileile, mji wenye jina lilelile, na kati yao umbali ambao boda boda hawezi hata kubadilisha gia. Soko la pamoja tunalo tangu Julai 2010, mkazungumza kuhusu ushuru wa pamoja na hata sarafu ya pamoja. Mwizi wa sabuni bado hajui aibe upande gani.

Basi naomba mlango wa supamaketi utambuliwe rasmi kuwa mpaka, ukaguzi wote ufanyike mara moja chini ya paa moja, na begi likipotea lageji alipe aliyelipokea. Naomba pia ukaguzi uwe wa pande zote mbili: kampuni ikifilisika, wakurugenzi nao watokee mlango wa mbele, mmoja mmoja, na mikoba yao, wakichorewa mstari.

Kuhusu mshahara wa yule askari, anayesimama kutwa akilinda vitu asivyoweza kuvinunua na kuogopa kukatwa pesa kitu kikipotea, sina pendekezo. Nasikia hilo ni suala la nchi wanachama.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,

Mnunuzi wa sabuni,
Sop Sop, Tororo.

Nakala: Meneja wa duka. Ile sabuni ilikuwa ya mama.